Jiwe Lililonyweshwa Maji

Jumatatu, 14 Aprili

Kodou amegeuza kikombe chake cha bati kifudifudi sasa hivi, akaweka kokoto juu yake, akaanza kujipigia makofi. Maziwa yote yako kwenye mkeka. Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana alinitazama kama fundi aliyemaliza nyumba. Ana mwaka mmoja na miezi miwili na hajaanza kutembea, lakini ameshaona watu wazima wakipita penye duara la mawe ya kale kijijini kwetu na kuweka kokoto juu ya jiwe wakiomba wanachoomba. Kazi anaijua.

Daftari hili nimepewa na Daktari Haddy Touray, mama msomi wa mambo ya kale aliyetoka Banjul na wanafunzi wake wanne kuja kuchimba pembeni ya duara letu. Aliuliza nani anaweza kuandika na kukaa na daftari kutwa nzima, wanawake wakanisukuma mbele. Nikamwambia nimeishia darasa la sita. "Linatosha, mradi herufi zisomeke," akasema. Kurasa za mbele nimwandikie saa za kazi na idadi ya watu. Za nyuma hakusema ni za nani, basi ni zangu.

Na leo nina la kuandika. Daktari anataka kujua watu wale wa kale waliyatengenezaje mawe haya. Hataki kuligusa lile jiwe la kumi na mbili la duara, lililoanguka, hilo anasema liachwe lilale. Anataka jipya: likatwe ardhini, lichongwe, livutwe, lisimamishwe karibu na kibanda cha wageni, kwa chuma cha mhunzi, magogo, kamba na mikono, basi. Akauliza nani hapa Ker Walo anaijua ardhi. Mume wangu Matarr akanyoosha mkono.

Mtu mmoja akakohoa. Najua kwa nini. Matarr Jobe ni mchimba visima, kama baba yake. Mwaka juzi kisima alichowachimbia jirani zetu kiliporomoka asubuhi, kabla mtu hajashuka, Mungu ashukuriwe. Tangu siku hiyo hajaitwa na mtu kuchimba hata shimo la nguzo. Analima karanga zake na hasemi.

Daktari alimtazama vidole. Akasema, "Wewe. Lakini lazima lisimame kabla ya mvua. Mvua ikianza barabara inakatika, nami naondoka."

Sasa kama halikusimama, atakuwa mtu wa mashimo mawili.

Alhamisi, 17 Aprili

Joto. Wametafuta mwamba mzuri, hawajaupata. Kodou ameota jino la sita.

Jumanne, 22 Aprili

Vijana wa Daktari wamekuta chungu chini ya jiwe kubwa la upande wa mashariki. Kizima, kimefunikwa kifudifudi, kama kikombe cha mwanangu. Nilisimama pale na Kodou mgongoni nikainama kukitazama. Mtu alikiweka vile kwa makusudi na akaondoka, na hakuna aliyekigusa mpaka leo.

Chini zaidi ndani ya duara kuna mifupa. Mama mkwe wangu, Mama Horreja, alikuja kutazama akiwa amekunja uso.

"Kwa hiyo ni makaburi," alisema.

"Kwa tunavyoona hapa, ndiyo, Mama," Daktari akajibu. "Waliwazika kwanza. Mawe yalikuja baadaye, na hata baadaye sana watu walikuwa wakirudi. Chungu hiki kiliwekwa na mtu aliyerudi."

"Kufanya nini?"

"Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Demba Njie akaingilia. Demba ni fundi wa matofali ya saruji, na yeye Njie, sisi Jobe, kwa hiyo ni mtani wetu na mdomo wake hauna breki. "Kurudi kufanya nini? Kama marehemu alikuwa Jobe, walirudi kumletea chakula. Jobe hata akifa anasubiri sahani."

Watu walicheka. Matarr naye alicheka kidogo. "Na chungu kimegeuzwa kwa sababu Njie alipita kwanza," akasema.

Wanasema mawe haya ni ya majitu, au ya majini, au ya watu waliotoka mbali. Nimelelewa na maneno hayo. Leo Matarr aliingia kwenye shimo la jiwe lililoanguka, akapapasa ukuta wake muda mrefu kama mtu anayesoma gizani. "Upande wa magharibi una mteremko," alimwambia Daktari. "Walilitelezesha humu, halafu wakalivuta likasimama. Hakuna jitu hapa. Jitu lingelichomeka tu." Daktari aliacha kuandika, akamwangalia kwa namna nyingine.

Ijumaa, 25 Aprili

Mwamba umepatikana, hatua mia tatu kutoka kibandani.

Jumamosi, 3 Mei

Mama mkwe amesema naandika sana na vyombo haviandikwi, vinaoshwa. Nimeviosha. Nimemwandika.

Jumanne, 6 Mei

Matarr ameniita nione. Wameondoa udongo wa juu, chini yake mwamba mwekundu ukatokea, wamechimba mitaro pande mbili. Ameniambia, "Bonyeza." Nikabonyeza kwa kidole gumba na alama ikabaki. Ni kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. "Ukiwa chini ya ardhi uko hivi," alisema. "Ukishaliona jua ndiyo unakuwa chuma. Baba alikuwa akiniambia nipite haraka penye tabaka hili." Wanafunzi walimzunguka, na mmoja alikuwa anamwita Mwalimu. Nilirudi nyumbani natembea kama mke wa waziri.

Ijumaa, 9 Mei

Leo mtoto wa Demba amepewa jina. Msichana, Sainabou. Huwezi kukosa kwa mtani, na ukiwa Jobe ni lazima ukatukanwe kabla ya kula. Kazi imesimama, watu wote wako kule. Kondoo wawili, uji wa mtama, ngoma, wageni hata kutoka ng'ambo ya mto. Sherehe inaendelea kesho.

Jumapili, 11 Mei

Bado kwa Demba. Upepo wa moto kutoka mashariki, midomo inapasuka.

Jumatatu, 12 Mei

Sijui nianze wapi.

Asubuhi wanaume walirudi kwenye jiwe. Lilikuwa limeshakatwa pande zote, limebaki kuchongwa mwili uwe wa duara na kutenganishwa chini. Siku tatu nzima lilikaa wazi kwenye mtaro, na hakuna aliyewaza kulifunika hata kwa mkeka, kwa sababu wote tulikuwa tunakula nyama ya Demba. Matarr alipiga tindo la kwanza nikasikia mlio tofauti. Wiki iliyopita lilikuwa linasema *bwi*. Leo lilisema *tang*.

Akapiga tena. Tindo likakunjika ncha. Akachukua jingine. Nikaandika mbele: saa tatu na robo, watu kumi na mmoja. Saa tatu na nusu alipiga pigo moja, si kali, nikaona mstari mwembamba unatembea juu ya jiwe taratibu, kama sisimizi anayejua anakokwenda. Halafu jiwe likawa mawili.

Lilikuwa limekauka ngozi, ndani bado bichi. Daktari aliinama akaligusa, hakulaumu mtu. Angelaumu ingekuwa nafuu.

Demba alikuwa amekuja kwa furaha yake ya kuitwa baba, bado ana kofia mpya. Naye, kwa kuwa ni mtani, akafungua mdomo: "Huyu ndugu yetu kwanza kisima kilimkimbia. Sasa na jiwe."

Hakuna aliyecheka. Utani una mipaka yake, nayo haikuandikwa popote ila kila mtu anaijua. Unaweza kumwita Jobe mlafi, mvivu, mwizi wa kuku. Kisima hakitajwi. Nafikiri Demba mwenyewe aliyasikia maneno yake yakiwa yameshatoka, maana alivua kofia akaishika mkononi.

Matarr aliweka nyundo chini polepole, akaiweka vizuri, mpini upande wake. Akatembea nyumbani. Nilimkuta amelala ameelekea ukutani mchana mweupe. Kodou alimpanda mgongoni akakaa hapo, naye hakumtoa.

Jumanne, 13 Mei

Hajatoka. Mama mkwe ameniambia, "Mwache. Baba yake alikuwa hivyohivyo." Kisha akaongeza, "Mnaamini mawe mpaka mnasahau watu." Nilimchukia kidogo, Mungu anisamehe.

Jumatano, 14 Mei

Leo vyombo vitangoja.

Asubuhi nilikuwa nachota maji ya kunywa kwenye mtungi, kata ikagonga kitu chini. Nikaingiza mkono nikatoa mawe, vipande vitano vyekundu. Ni Kodou. Siku ile jiwe lilipovunjika alijaza viganja vyake vipande, nami sikujua alikovipeleka. Nilitaka kuvitupa. Kimoja kikasagika kati ya vidole vyangu.

Nikatoka uani nikaokota vingine alivyoviacha juani, vilevile vya siku ileile. Nikavigonga kwa mchi. Mchi ukaruka, vyenyewe vizima.

Nilikwenda ndani nikaketi kando ya mume wangu. Nilimwekea kimoja kila mkono. Alibonyeza huku, akabonyeza kule. Akainuka akakaa.

"Ulikitia wapi hiki?"

"Mtungini."

"Tangu lini?"

"Jumatatu. Si mimi niliyekitia."

"Nani?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Kodou alikuwa anatafuna kiatu chake.

Matarr alimtazama mwanawe, akatazama jiwe, akacheka. Ni kicheko ambacho sijakisikia tangu mwaka juzi. "Linywe maji," alisema. "Basi linywe maji."

Alhamisi, 15 Mei

Lakini maji yapi? Bomba ni moja na hii ni Mei, foleni inaanza kabla ya jua. Anayepanga foleni ni Mama Horreja, na hakuna mwanamke Ker Walo anayembishia. Nilimpigia goti.

"Mama, tunaomba ndoo ishirini kwa siku."

"Watu wanywe au jiwe linywe?"

"Ni kwa ajili ya Matarr."

"Najua ni kwa ajili ya nani. Mimi ndiye niliyemzaa." Akaendelea kuchambua mchele. "Hapana, Ndumbeh."

Ijumaa, 16 Mei

Nilikwenda kwenye jiwe jipya alfajiri na ndoo moja, fungu langu mwenyewe. Wameanza kukata jingine ubavuni mwa lile la kwanza. Ndoo moja iliishia kama umeitemea mate barabara.

Nikasikia hatua. Mama mkwe, peke yake, na beseni kichwani. Hakunisalimia. Alimwaga taratibu kutoka kichwani mpaka miguuni mwa jiwe, kama unavyomwogesha mgonjwa. Yalikuwa maji ya kuoshea vyombo, na maganda ya kitunguu ndani yake.

"Nilisema hapana kwa maji ya bomba," alisema. "Ya kunywa. Hukuniuliza ya kuoshea."

Kabla sijamshukuru alikuwa ameshageuka.

Jumanne, 20 Mei

Kaya ishirini na sita. Kila moja inaleta maji yake machafu asubuhi na jioni: ya nguo, ya vyombo, ya kunawa. Mama Horreja amepanga zamu. Magunia yanalowekwa yanatandikwa juu, na juu ya magunia matawi. Jiwe linanuka sabuni na samaki. Daktari anasema haijawahi kutokea kwenye kazi yake. Nimeandika mbele: *maji, mabeseni hamsini na mbili, wanawake wote.*

Jumapili, 25 Mei

Limekuwa la duara, limenona chini, limepungua juu. Urefu unanipita kiganja kimoja. Nimeligusa. Bado *bwi*.

Jumamosi, 31 Mei

Mawingu ya kwanza kusini. Hayakufanya kitu.

Ijumaa, 6 Juni

Idi ya kuchinja. Sala, kondoo, watoto na nguo mpya. Kijiji kizima kiko kwenye nyama, lakini safari hii jiwe halikuachwa peke yake hata kidogo. Mama mkwe alikaa nalo asubuhi na gauni lake la bluu lililonakshiwa, kwenye kiti, akilimwagia kwa kata. Nikampokea baada ya sala ya adhuhuri na gauni langu la njano. Tumepokezana bakuli la wali juu ya jiwe.

"Zamani nilikuwa nawaona wajinga hawa," alisema, akionyesha upande wa duara. "Nguvu zote hizi kwa mtu ambaye ameshakufa."

"Na sasa, Mama?"

Alilamba vidole vyake kimoja kimoja. "Sasa nawaza walikuwa na mama wakwe wangapi."

Nilicheka mpaka nikamwamsha Kodou.

Jumanne, 10 Juni

Kuvuta. Magogo saba ya mti wa mvumo chini, kamba nne, watu arobaini na watatu. Jiwe lilitoka mtaroni saa mbili likilia kama ng'ombe anayezaa. Nyuma yake watu wanaokota gogo lililobaki, wanakimbia kuliweka mbele. Hatua kumi, pumzika.

Saa nne Demba Njie alitokea. Hakuwa ameonekana tangu siku ile. Amevua viatu, ana kamba yake mwenyewe begani, na nyuma yake ndugu zake sita, Njie watupu.

Wote walisimama. Alikwenda mpaka mbele ya Matarr.

"Nimesikia Jobe wameshindwa kuvuta kwa sababu ya matumbo," alisema. Sauti yake ilikuwa haijatulia.

Matarr alimwangalia. Kisha akamrushia ncha ya kamba. "Funga nyuma kabisa, pale tunapoweka punda."

Kicheko kilichotoka pale kilivuta jiwe hatua ishirini bila kupumzika. Nimeandika mbele hivyohivyo, Daktari ataamua mwenyewe. Magharibi jiwe lilikuwa kibandani. Radi mbali.

Alhamisi, 12 Juni

Shimo la kusimamishia. Limefika kina cha mkono mmoja, wingu limejaa nusu ya mbingu, na Matarr akasimamisha kazi. Alitoka na mchanga kiganjani, mweupe mweupe, anaupitisha kati ya vidole.

"Tunahama," alisema. "Hatua tano kule."

Manung'uniko yakaanza. Daktari alitazama mbingu. "Matarr, huenda tukawa na siku mbili tu."

"Najua, Daktari."

"Jiwe litasimama hapa?"

"Litasimama. Mvua ya Agosti italilaza." Akamwonyesha mchanga. "Huu naujua. Ulijificha chini ya udongo mwekundu, nikauona nikajidanganya ni kidogo, kwa sababu watu walikuwa wanangoja maji. Kisima kile kiliporomoka kwa sababu ya huu."

Hajawahi kulisema hilo, hata kwangu. Amelisema leo mbele ya watu arobaini, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja jina la mmea. Demba ndiye aliyechukua sururu wa kwanza, akahesabu hatua tano, akaanza.

Sikuwahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia leo.

Ijumaa, 13 Juni

Shimo jipya, udongo mgumu mpaka chini. Mteremko upande wa magharibi. Manyunyu jioni. Daktari amefunga nusu ya mizigo.

Jumamosi, 14 Juni

Mbele nimeandika: *saa kumi kasoro dakika kumi, watu hamsini na wanane, limesimama.* Hapa niandike yaliyobaki, upesi, maana upepo unageuza kurasa.

Liliteleza kwenye mteremko mguu kwanza. Wakaliinua kwa mitaimbo, wakiingiza magogo chini yake, kidogo, kidogo tena, na Njie wote kwenye kamba upande wa pili. Lilipofika nusu lilikaa hapo muda ambao sikuvuta pumzi. Matarr alikuwa shimoni, chini yake, mkono mmoja juu ya jiwe, anasikiliza. Mama mkwe alikuwa amenishika kifundo cha mkono, kuna alama za kucha mpaka sasa. Matarr akasema, si kwa sauti kubwa, "Sasa." Likasimama kama mtu aliyekumbuka jambo.

Wamejaza changarawe nyekundu, wamekanyaga kwa kucheza. Nimelizunguka. Linafanana na wenzake kumi na mmoja walioko kule, ila ni bichi, jekundu sana, na ukikaribia linanuka sabuni yetu. Hakuna mtu anayetaja majitu leo. Mwanamke mmoja wa kale kule naye alibeba maji, mgongoni kwake mna mtoto, naapa, nami sihitaji Daktari anihakikishie. Asubuhi jirani zetu wa kisima kile walikuja wawili kutazama, na nimewaona sasa hivi wamemvuta Matarr pembeni, mmoja wao anapima kina hewani kwa mkono.

Kodou hajatembea. Amekaa hapa miguuni pangu, anakula udongo wa shimo.

Sasa kuna ubishi. Kichwa cha jiwe ni kitupu na hakuna hapa aliyewahi kuona jiwe tupu, yote tumeyakuta na kokoto za watu. Nani aweke ya kwanza? Wengine wanasema mkuu wa kijiji, naye anasema Daktari, Daktari anasema mwenye kazi. Matarr amekataa kwa kichwa, amesema neno moja kwa mama yake, na wote wamegeuka kutazama huku nilikokaa. Tone la kwanza limeanguka kwenye ukurasa, limefuta neno. Mama mkwe ananiita, "Ndumbeh, acha kalamu, mchukue mtoto uje, mvua haingojei." Naja, Mama, namalizia hili tu. Wamekubaliana kwamba kokoto ya kwanza iwekwe na yule aliyetia mawe mtungini, Kodou wangu, naye ameshashika